Dagaa wa Athi ana jina, hana hesabu

*Mtaalamu aliyemwandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1962 aliishia kuwa bingwa wa dunia wa samaki wadogo wa baharini. Mto alioufanyia utafiti sasa unazibwa kwa ukuta wa mita 80.5 kati ya Makueni na Kitui, na samaki wake bado hawana msemaji.*

Ukitoka Kibwezi kwenda Kitui kupitia Ikutha na Mutomo, lami hukushusha taratibu hadi daraja la Athi. Upande huu ni Makueni, upande ule ni Kitui. Chini yake maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mvua ikinyesha huko juu huwa mazito kiasi kwamba ukiyachota kwa gilasi na kuiweka kando, baada ya dakika chache tope hukaa chini kama unga wa uji ambao haukukorogwa.

Kijana niliyemkuta chini ya daraja alikuwa na ndoana tatu, mshipi wa nailoni na mtungi wa lita tano uliokatwa mdomo. Ndani ya mtungi viliogelea visamaki alivyochota ukingoni kwa kipande cha chandarua. Kimoja kilikuwa chembamba, ubavu wake wa fedha, mdomo umeelekea juu kama kinachongoja kulishwa. Alikitoboa mgongoni, akakitupa mtoni kumngoja kambare.

Kambare ndiye mwenye bei. Husafirishwa kwa bodaboda hadi Kibwezi akiwa bado anapumua. Nilipouliza kile kidogo kinaitwaje, jibu lilikuwa ikuyu, neno la Kikamba la samaki yeyote yule. Chambo hakihitaji jina.

Jina lakini kinalo. Wanasayansi humwita *Neobola fluviatilis*, na vitabu vya Kiingereza humtaja kama dagaa wa Athi. Ni samaki wa Kenya pekee, wa mito ya Athi na Tana. Aliyemweleza kwa mara ya kwanza ni Mwingereza Peter Whitehead, mwaka 1962. Ukifuatilia maisha ya Whitehead, kisha ukayafuata maji haya hadi Malindi, unafika kwenye swali ambalo Bwawa la Thwake, ule ukuta unaouziba mto huu, limelifanya kuwa la haraka: samaki hawa ni wangapi?

Mtu wa dagaa

Whitehead alifanya kazi ya uvuvi nchini Kenya katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Macho ya serikali yalikuwa ziwani Victoria na pwani, kwenye samaki wa kuuza. Yeye alivutwa na mito. Mwaka 1959 alichapisha utafiti kuhusu samaki wa Ziwa Victoria wanaopanda mito kutaga mayai, na mwaka huohuo akatoa sehemu ya kwanza ya kazi yake kuhusu uvuvi wa mito ya Kenya, iliyohusu Nyanza.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1960 katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Ilihusu Athi ya chini, yaani Sabaki. Kurasa zake hazifiki kumi, lakini hadi leo mtu akitaka kuandika lolote la maana kuhusu samaki wa mto huu ataanzia hapo.

Miaka miwili baadaye akamwandika yule mwenye ubavu wa fedha. Neno *fluviatilis* ni la Kilatini, maana yake "wa mtoni". Siku hizo alidhaniwa kuwa wa jenasi moja na omena wa Ziwa Victoria, na kweli ni ndugu. Wote wawili wako karibu zaidi na ningu na samaki wa jamii ya kapu kuliko na dagaa wa kweli wa baharini.

Kiswahili hakijali utengano huo. Samaki akiwa mdogo, anang'aa na anaanikwa juani, ni dagaa, awe wa Kigoma, wa Mafia au wa Kilifi. Mtaalamu wa samaki huona hapo koo mbili zisizojuana, na Whitehead alihama kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine. Alirudi London, akaajiriwa na jumba la makumbusho ya viumbe la Uingereza, akazama katika dagaa wa kweli: saradini, heringi, simu na jamaa zao wote.

Matunda yake ni orodha kubwa ya dunia ya samaki hao iliyochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1985, ya pili mwaka 1988 akiwa na wenzake wawili. Humo kila aina ina mchoro, ramani, alama za kumtambulia na maneno machache kuhusu anavyovuliwa. Kwa miaka mingi, afisa wa uvuvi wa bandari yoyote ya Bahari Hindi akitaka kujua ni dagaa gani waliojaa kwenye kapu, alikuwa akifungua kurasa hizo.

Wapo watu wanaomjua Whitehead ambao hawana habari na samaki hata mmoja. Katika miaka ya 1970 alikuwa akisaka michoro ya wanyama na mimea ya Brazili iliyochorwa karne ya 17, iliyohamishwa kutoka maktaba ya Berlin wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kutoweka. Ufuatiliaji wake ulimfikisha kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Jagiellonian mjini Kraków, Polandi. Pamoja na michoro ile, huko zilikuwa zimehifadhiwa hati za muziki za mkono wa Mozart, Beethoven na Bach ambazo ulimwengu ulikuwa umezikatia tamaa. Aliandika habari hiyo mwaka 1976, na mwaka uliofuata Polandi ikarudisha baadhi ya hati hizo Berlin Mashariki.

Nimelileta hilo kwa sababu linaeleza aina ya mtu huyu. Alikuwa mtafutaji wa vilivyopotea kwenye orodha.

> Kijana wa darajani alikitoboa mgongoni, akakitupa mtoni. Chambo hakihitaji jina.

Mto wenye majina matatu

Ukambani mto huitwa Athi. Ukishapokea maji ya Tsavo ndani ya mbuga huitwa Galana. Ukikaribia bahari, kaskazini ya mji wa Malindi, unakuwa Sabaki. Ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, na bonde lake ni la kilomita za mraba takriban 70,000. Humo mna vitongoji vya Nairobi, mashamba ya kahawa ya Thika, vilima vya Machakos, Makueni yote kwa jumla na upande wa magharibi na kusini wa Kitui.

Whitehead hakuwa wa kwanza kutia mkono majini hapa. Mwanajiolojia John Walter Gregory alipita nchi hii mwaka 1893 akielekea Mlima Kenya, na samaki aliowaweka kwenye chupa wakaandikwa London na Albert Günther mwaka 1894. Mmoja bado anabeba jina lake, *Labeo gregorii*, ndugu wa ningu wa Nyanza. Mwaka huo ndipo pia alipoandikwa perege wa asili wa mito hii, *Oreochromis spilurus*.

Perege huyo ana sifa ambayo wengi wetu hatuijui. Anavumilia chumvi kiasi kwamba amefugwa Kuwait na Saudi Arabia kwenye maji ya bahari. Samaki wa mto unaopita Ukambani ameliwa Ghuba, huku katika miji ya Wote na Kitui duka la samaki likitangaza tilapia wa ziwani aliyesafiri usiku kucha kwenye barafu.

Aliyeuchukua tena mto huu kwa uzito ni Mkenya, Daniel Okeyo. Mwaka 1998 alichapisha orodha mpya ya samaki wa Athi, Galana na Sabaki, akirekebisha majina yaliyopitwa na wakati na kueleza nani anaishi sehemu gani. Mwaka 2003, pamoja na Lothar Seegers na Luc De Vos, mtaalamu wa samaki wa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, akatoa orodha ya samaki wa maji baridi wa Kenya nzima.

Orodha ni msingi, na hakuna nyumba bila msingi. Hata hivyo, orodha hukuambia nani yupo. Haikuambii wako wangapi, wanapanda mto mwezi gani, wala wangapi wangetoweka ukibadilisha maji. Hapo ndipo sayansi ya Athi iliposimama, wakati baharini ikisonga mbele.

Mkunga hajali mpaka wa kaunti

Katika orodha hizo yumo mgeni mmoja anayestahili aya zake peke yake. Ni mkunga wa mtoni, yule mrefu kama nyoka ambaye watu wengi wakimwona humwacha na kuondoka.

Huzaliwa baharini, mbali sana, upande wa Madagaska. Akitoka kwenye yai ni bapa na mwangavu kama jani la plastiki. Mkondo humbeba kwa miezi hadi pwani ya Afrika, na anapofika kwenye mdomo wa mto anakuwa uzi usio na rangi; mtu anaweza kusoma gazeti kupitia mwili wake. Bahari Hindi ya magharibi ina aina nne za mikunga hao, na wamerekodiwa katika mito ya Athi na Tana.

Kutoka Sabaki huanza kupanda. Hupita Maporomoko ya Lugard katika Tsavo Mashariki, akitambaa kwenye miamba iliyolowa usiku, ngozi yake ikinyonya hewa. Hukaa mtoni miaka mingi, akila kaa, vyura na samaki wadogo, dagaa wetu akiwemo. Siku moja tumbo lake hugeuka kuwa la fedha, macho yakapanuka, akashuka na mafuriko hadi bahari ileile alikozaliwa, akataga mara moja na kufa.

Kwa mkunga, Mutomo na Malindi ni mtaa mmoja. Ukuta wowote katikati ya mto kwake ni mwisho wa ukoo upande wa juu, isipokuwa awekewe njia. Njia hiyo si ya mabilioni: katika nchi nyingine huwa ni mfereji mwembamba wenye brashi au mawe madogo, maji yakichuruzika kidogo, na vijikunga hupanda wenyewe.

Ningu wa Athi na jamaa zake nao husubiri mafuriko wapande kutaga. Kuhusu samaki wa tabia hiyo Kenya ina kumbukumbu chungu. Ningu wa Ziwa Victoria alikuwa kitoweo kikuu cha mito ya Nyanza. Nyavu zikawekwa kwenye midomo ya mito wakati anapopanda, na kufikia mwaka 1965 mtafiti David Cadwalladr alikuwa akiandika kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wake. Whitehead alikuwa ameeleza safari za samaki hao miaka 6 kabla.

Tumbawe lililoweka daftari

Tuushuke mto. Malindi na Watamu zilitangazwa kuwa hifadhi za baharini mwaka 1968, za kwanza nchini. Msimu wa mvua bahari ya Malindi hugeuka kahawia hadi mbali, na ufuo wa ghuba umejaa mchanga kiasi kwamba hoteli zilizokuwa zikichungulia maji sasa zinatazama vilima vya mchanga. Mchanga huo umetoka huku kwetu.

Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Dominik Fleitmann lilichapisha walichosoma ndani ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300. Tumbawe hukua kwa tabaka kama pete za mti, na udongo wa mto huacha ndani yake chembe za bariamu. Kadiri tope lilivyokuwa jingi mwaka huo, ndivyo chembe zilivyo nyingi.

Kuanzia mwaka 1700 hadi 1900 daftari hilo ni tulivu. Kuanzia 1900 tope linapanda. Kilele ni kati ya 1974 na 1980, baada ya ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 1970, lilipofika mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili. Watafiti wale walitaja ongezeko la watu, ukataji miti na matumizi ya ardhi yasiyo na mpango.

Mkamba akisoma hayo ana haki ya kukunja uso. Lawama ya udongo si mpya kwake. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kali kuhusu mmomonyoko wa Ukambani, na serikali ya kikoloni ikaamua dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 kiongozi wa Wakamba, Muindi Mbingu, aliwaongoza maelfu kwa miguu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Serikali ililegeza kamba kuhusu ng'ombe, lakini yeye ilimpeleka uhamishoni Lamu. Kosa lilidaiwa kuwa la udongo wa Ukambani, naye akapelekwa kukaa kando ya bahari.

Kisha likaja jibu la kitaalamu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya ya Machakos, ambayo hadi 1992 ilijumuisha Makueni. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko mashambani ukapungua. Matuta ya fanya juu, yaliyochimbwa kwa jembe na kwa vikundi vya kazi ya pamoja vya mwethya, yaliikamata ardhi.

Nani mkweli, tumbawe au kitabu? Mimi naona hawapingani kama inavyodaiwa kwenye makongamano. Kitabu kinazungumzia shamba la mtu aliyechimba tuta. Tumbawe linapokea kila kitu: barabara ya vumbi isiyo na mtaro, malisho ya Yatta, kingo za mto zilizobomolewa na malori ya mchanga, udongo wa ujenzi wa Nairobi. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, ya kwanza ya aina yake katika kaunti, na vita vya mchanga vilivyoitangulia vinajulikana kwa kila aliyeishi karibu na mito ya Kaiti au Thwake.

> Kilele cha tope ni kati ya 1974 na 1980: mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili.

Hata juu ya madhara ya tope hilo baharini wanasayansi hawakukubaliana mara moja. Utafiti wa mwaka 1993 ulihusisha tope la Sabaki na hali dhaifu ya matumbawe ya Malindi na Watamu. Mwaka 1997 Tim McClanahan na David Obura waliingia maji yaleyale wakatoka na picha ya tahadhari zaidi: mwamba ulikuwa umebadilisha wakazi wake, matumbawe yanayostahimili tope yakishika nafasi, lakini haukuwa umekufa kama ilivyohofiwa.

Kilo 1,000 kwa hekta

McClanahan alianza kupiga mbizi Kenya miaka ya 1980 na anafanya kazi na Shirika la Kuhifadhi Wanyamapori la WCS, Mombasa ikiwa kituo chake. Nyawira Muthiga, Mkenya aliyewahi kuongoza chama cha wanasayansi wa bahari cha Bahari Hindi ya Magharibi, WIOMSA, ameandika naye tangu mwaka 1988. Obura, wa shirika la CORDIO lenye makao Mombasa, alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mwenyekiti wa jopo la kimataifa la bayoanuwai, IPBES.

Kazi ya kwanza ya McClanahan na Muthiga ilianza na kikande. Ni samaki wa meno magumu anayempindua kiumbe wa baharini mwenye miiba, akampasua tumboni na kumla. Wavuvi wakimmaliza kikande, wale wa miiba huzaana, wakatafuna mwamba hadi ukabaki kama jiwe lililochongwa. Ndani ya hifadhi kikande hurudi, ingawa polepole sana, na mwamba ukapumua.

Mbinu yao ni ya subira zaidi kuliko ya ujanja. Unatandika kamba ya mita 100 chini ya maji. Unaogelea ukitazama mita mbili na nusu kila upande, unaandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki kila samaki na urefu wake, kwa makundi ya sentimita 10. Urefu unageuzwa kuwa uzito. Mwaka ujao unarudi palepale. Wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30.

Ndivyo ilivyopatikana namba. Mwaka 2015, katika utafiti wa dunia nzima ulioongozwa na Aaron MacNeil na ambao McClanahan alikuwamo, ilionekana kwamba mwamba usiovuliwa hubeba wastani wa kilo 1,000 za samaki kwa hekta. Miamba 83 kati ya kila 100 inayovuliwa ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Ikifungwa, kurudi huchukua miaka 35 kwa wastani.

Namba haimalizi ugomvi. Wavuvi wa Mombasa walifukuzwa kwenye maji ya baba zao hifadhi ya baharini ya huko ilipoanza kulindwa kwa dhati, na baadhi hawajasamehe, hata baada ya McClanahan na mwenzake Stephen Mangi kuonyesha mwaka 2000 kwamba samaki hufurika nje ya mpaka na kuingia kwenye madema yao. Lakini kuna kitu cha kubishania. Mvuvi anaweza kusema namba yako si kweli, njoo uone dema langu.

Athi haina namba ya namna hiyo.

Ukuta wa Thwake

Mahali Mto Thwake unapoingia Athi, eneo la Mavindini, ujenzi ulizinduliwa mwaka 2018 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na mkandarasi wa China. Ukuta ni wa mita 80.5. Nyuma yake maji yatakuwa mita za ujazo milioni 688, na mitambo itazalisha megawati 20. Tarehe ya kukamilika imesogezwa mara kadhaa.

Mtu asije akadhani naandika dhidi ya maji. Aliyemwona mama wa Kitui Kusini akichimba mchanga wa mto mkavu kwa bakuli, akingoja maji yajikusanye kikombe baada ya kikombe huku punda amesimama na mitungi minne mitupu, hawezi kulidharau bwawa. Hoja ya viongozi wa kaunti zote mbili kwamba kiu haingoji utafiti ina uzito wake.

Wana hoja ya pili, nayo ni ya samaki. Mabwawa ya Tana yalizaa uvuvi pasipokuwa na uvuvi. Masinga, lililojazwa mwaka 1981, na Kiambere, linalopakana na Kitui upande wa Mwingi, yanalisha familia kwa perege, kapu na kambare. Mbali zaidi, dagaa wa Tanganyika walipandikizwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na leo Wazambia na Wazimbabwe wanawaita kapenta kana kwamba walikuwa wao tangu zamani.

Upande mwingine unajibu kwamba bwawa hubadilisha samaki badala ya kuwaongeza tu. Maji yanayotiririka yakisimama, wapenda mkondo hupotea na wapenda kina hushamiri. Wakipandwa sato wa Nile, jinsi serikali ilivyowajaza katika madimbwi ya maeneobunge 140 kuanzia mwaka 2009, perege wa asili huchanganyika nao damu, maana jamii hiyo haichagui mchumba. Yule aliyethibitika kustahimili chumvi anaweza kumezwa kabla Ukambani haijajua thamani yake, katika nchi ambayo visima vingi vina maji ya magadi.

Halafu kuna maji yenyewe. Athi hupokea mito ya Nairobi, Ngong na Mathare, pamoja na kila kinachomwagwa humo. Yakipita huchafua. Yakisimama hutulia na uchafu wake, na rutuba ya maji taka huamsha magugu na mwani. Kambare huvumilia maji yaliyopungukiwa hewa kwa sababu hupumua juu. Dagaa wa Athi hana uwezo huo.

Kuna na upande wa Malindi. Bwawa litakamata tope, na huenda bahari ya Sabaki ikapata nafuu ambayo matuta na sheria hazikuileta. Au litajaa tope mapema, kama Masinga inavyojaa kwa kasi zaidi kuliko wahandisi walivyopanga. Profesa Johnson Kitheka ameandika kuhusu wingu la tope la Ghuba ya Malindi. Alikuwa mtafiti wa taasisi ya bahari ya KMFRI Mombasa, na baadaye akahamia Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilicho Kwa Vonza, Kitui. Bahari ilimleta juu ya mto, njia ileile ya mkunga.

> Mvuvi wa Mombasa anaweza kubishana na namba. Mvuvi wa Athi hana namba ya kubishania.

Katika mijadala ya Thwake niliyoifuata nimesikia fidia ya ardhi, mabomba, megawati, ajira na maji taka ya Nairobi. Samaki wakitajwa ni wale watakaopandwa. Waliomo, wenye majina ya mwaka 1894 na 1962, sijawasikia.

Kuwahesabu hakuhitaji meli wala mavazi ya kupigia mbizi. Kunahitaji wanafunzi wanne, kokoro dogo la macho madogo, ndoo, mizani, orodha ya Okeyo na ruhusa ya kurudi mahali palepale kila mwezi: juu ya ukuta, chini ya ukuta, kwenye daraja hili la njia ya Ikutha. Chuo kipo. Barabara ni ya lami.

Jua lilipoinama, kambare mmoja alikuwa amelala kwenye gunia lililoloweshwa, masharubu yakicheza. Kijana alimwaga mtungi wake mtoni. Visamaki vilivyosalia vilitawanyika kwenye kina kifupi, ubavu mmoja wa fedha ukamulika mara mbili, kisha tope likafunika.